Ligi ndogo ya roboti: kumbukumbu za kutunga sheria

Februari

Klabu nne za shule za sekondari hapa Morogoro zimekubali kushindana bila mdhamini, nami nimekabidhiwa kazi ya kuandaa rasimu ya sheria. Mchezo uliochaguliwa ni sumo ndogo, kwa sababu vipimo vyake vinajulikana kote na ulingo wake unaweza kutengenezwa na seremala yeyote: duara jeusi lenye kipenyo cha sentimita 77, ukiwemo ukingo mweupe wa sentimita 2.5 unaolizunguka. Roboti haitakiwi kuzidi gramu 500, na lazima itoshe ndani ya mraba wa sentimita 10 kwa 10. Ikishawashwa husubiri sekunde tano, kisha humtafuta mpinzani na kumsukuma nje pasipo mtu yeyote kuiongoza.

Pendekezo langu lilikuwa timu zote zitumie vifaa vya aina moja: ubao wa Arduino Uno (kompyuta ndogo inayoendesha roboti), mota mbili za njano, kihisi kimoja cha mawimbi ya sauti cha kupimia umbali na vihisi viwili vya kutambua ukingo. Manahodha walilikataa, wakisema kwamba kuchagua mota na kupanga mahali pa betri ndiyo nusu ya mchezo wenyewe. Badala yake wakapendekeza kikomo cha gharama, nacho hakikufika mbali. Nahodha wa shule moja ya kata aliuliza mota waliyoichomoa kwenye printa mbovu ihesabiwe kwa bei gani, na hakuna aliyekuwa na jibu. Wala haikujulikana kama vifaa ambavyo shule nyingine ilipewa na mfadhili vihesabiwe kwa bei ya Kariakoo, kwa bei ya huko vilikotoka, au kama zawadi isiyo na bei.

Tulikubaliana kupima kile tu kinachoingia ulingoni, yaani uzito, ukubwa na volti za betri, ambazo hazitazidi 8.4, kiasi ambacho seli mbili za lithiamu hutoa zikiwa zimejaa. Mizani ya jikoni, rula na mita ya umeme hazihitaji risiti ya mtu.

Aprili

Kura zimetuchelewesha kuliko nilivyotarajia. Shule moja ina timu tatu na ilitaka kura tatu, hoja ambayo kwa haraka inaonekana ya haki, lakini ingeifanya shule yenye uwezo mkubwa itunge sheria peke yake. Sasa kila shule ina kura moja, na walezi wa klabu, nikiwemo mimi, hatuna kura, bali tunaruhusiwa kutoa hoja na kunyamaza.

Suala la muda wa kazi nimeliacha bila sheria. Wapo wanafunzi wanaoingia maabara kila jioni, na wapo wanaopata chumba chenye umeme Jumamosi peke yake, tofauti ambayo ni kubwa na ya kweli. Hata hivyo, mashindano ya FIRST ya Marekani kwa wanafunzi wa sekondari yalijaribu kwa miaka mingi kuzilazimisha timu zifunge roboti zao kwenye mfuko baada ya wiki sita za ujenzi, na timu zenye fedha zikawa zinajenga roboti ya pili ya kufanyia mazoezi. Sharti hilo liliondolewa kuanzia msimu wa 2020. Ikiwa wao hawakuweza kulisimamia, sisi wenye ufunguo mmoja wa stoo tusijidanganye. Tulichofanya ni kuweka sanduku la spea la pamoja, lenye waya, seli na mashine ya kulehemu, ambalo kila wiki hulala shule tofauti, kwa kuanzia na zile zenye maabara duni.

Juni

Siku ya mchuano wa majaribio tulifunga kamba kuzunguka meza za kazi, na watu wazima wote wakabaki nje yake. RoboCupJunior, mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi, nayo huwazuia walezi kuingia sehemu ya kazi ya wanafunzi, kwa hiyo sheria hii si ya kwetu. Baba mmoja, fundi mwenye ujuzi mkubwa, alikuja na kompyuta mpakato yake akitaka kurekebisha kitu kidogo tu, lakini binti yake alimjia pale kwenye kamba na kumwambia, “Baba, samahani, naomba tujaribu wenyewe kwanza.” Mzee alikaa, ingawa si kwa furaha.

Roboti ya shule ya kata ilionyesha gramu 512 kwenye mizani. Matairi yake yalikuwa yamevishwa vipande vya kandambili, ambavyo vilishika ulingo vizuri kuliko plastiki ngumu ya matairi ya dukani, na mlezi wao, akiwa nje ya kamba, alionyesha kwa ishara kwamba vibanduliwe. Wanafunzi walishauriana, wakaacha kandambili mahali pake na kung’oa swichi kubwa ya chuma pamoja na bamba lake, kisha wakaunganisha waya mbili za kugusanishwa kwa mkono. Walipopima tena walipata gramu 497.

Sheria ninayoithamini zaidi ni ile ya badiliko la asubuhi, tuliyoichukua kutoka World Robot Olympiad, mashindano mengine ya kimataifa ya roboti, ambako timu hupewa sharti jipya siku yenyewe ya mashindano. Letu lilikuwa kwamba roboti isubiri sekunde saba badala ya tano. Kwa anayeifahamu programu yake, ni kubadili 5000 kuwa 7000 katika mstari mmoja, kwa kuwa Arduino huhesabu muda huo kwa milisekunde. Timu moja yenye roboti nzuri kuliko zote ilihangaika na mstari huo hadi ikaitwa ulingoni, na roboti yao ikaondoka mapema mara mbili mfululizo, hivyo wakapoteza pambano. Hakuna aliyewahoji nani aliandika programu, na sikutaka wahojiwe, maana mtoto hapaswi kusimamishwa mbele ya wenzake ajibu kosa la mtu mzima. Programu ya kuazima inaruhusiwa, mradi anayeitumia aweze kuibadili.

Agosti

Kikao kijacho kitajadili vipande vinavyotengenezwa kwa printa ya pande tatu (3D), ambayo ni shule moja tu inayo. Shule mbili zinataka vipigwe marufuku. Hoja nitakayoipeleka ni kwamba viruhusiwe iwapo mchoro wake umechorwa na wanafunzi, na iwapo shule yenye printa itakubali kuchapisha mchoro mmoja wa kila timu pinzani kabla ya Oktoba. Nahodha wao ameniambia kwamba plastiki ipo ya kutosha, ila foleni ataipanga yeye, na hilo nimemwachia alipeleke mwenyewe kwenye kura.