Nilivyowaandaa wapokea mizigo wa kinu kuwa wakaguzi wa mawakala wa mahindi

Kinu chetu cha unga wa lishe hununua mahindi kwa mawakala wenye maghala ya kukodi, kwa hiyo mafunzo yote niliyajenga juu ya hatari moja: sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, nayo haiishi kwa kusaga wala kwa kupika. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, aflatoksini (ndiyo sumukuvu tunayoiogopa) kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina yake iitwayo B1 isizidi 5. Asiyezijua namba hizi kwa kichwa sikumruhusu kutoka getini.

Niliwachagua wapokea mizigo, wanunuzi nikawaacha. Aliyepatana bei na wakala hawezi tena kumkagua wakala huyohuyo.

Darasani hatukukaa sana. Tulianzia kwenye ghala letu wenyewe, na bambo mkononi, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa sampuli. Shehena ikiwa na magunia 10 au pungufu, linachomwa kila gunia. Ikifika hadi 100, yanachomwa 10. Ikizidi hapo, unatafuta kipeuo cha pili cha idadi, yaani magunia 400 yanakupa 20. Shida haikuwa hesabu. Mgeni wa kazi huchoma magunia ya mlangoni kwa sababu ndiyo yanayofikika, na wakala anajua hivyo. Lazima rundo lifunguliwe, uchome ya juu, ya kati na ya chini. Sumukuvu haijatawanyika sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya shehena, na kiganja kimoja kilichopimwa kikaonekana salama hakithibitishi kitu. Sampuli yote isagwe na kuchanganywa kwanza, ndipo ichotwe ya kupima.

Wakala atakuonyesha chupa yenye chumvi: mahindi yakitikiswa humo na chumvi isigande kwenye kioo, anasema yamekauka. Kipimo hicho kinatenganisha tu yaliyo juu na chini ya asilimia 15 hivi. Mahindi ya asilimia 14.5 yanapita chupani na kuvunda ghalani. Mkaguzi abebe kipima unyevu chake.

Muda mwingi zaidi tuliutumia kwenye vitabu. Zoezi lilikuwa hili: salio la mwanzo wa mwezi tani 4, yaliyoingia tani 26, yaliyouzwa tani 29, yaliyobaki tani 2. Yaliyopo kwa karatasi ni 30, yaliyotoka pamoja na salio ni 31. Tani moja imetoka wapi? Tena baada ya kupepeta ilipaswa kupungua, si kuongezeka. Hapo wakala amejazia mzigo wa mtu mwingine ambaye shamba lake halijulikani. Hesabu iwe ya kilo, maana rumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, huvuruga kila hesabu ya magunia.

Kuuliza nako kunafundishwa. “Mnaanika kwenye turubai?” jibu lake ni ndiyo, siku zote. “Naomba nione maturubai” ni swali jingine kabisa. Chakula cha mchana cha wakala tulikatazana. Soda moja, basi.

Uandishi ndio uliochelewa kukomaa. “Usafi hauridhishi” niliirudisha kila mara. Iliyokubalika ni kama hii: “Ghala la 2, ukuta wa nyuma: magunia 40 yako sakafuni bila chaga, yameegemea ukuta, kinyesi cha panya kwenye magunia 3 ya chini.” Mahali, idadi, kilichoonekana. Wakala hawezi kubishana nayo, na mkaguzi mwingine akija anajua pa kuangalia.

Dosari haihesabiwi imerekebishwa kwa picha ya simu. Chaga hupigwa picha leo na kesho zimerudi kwa jirani. Kwa dosari ya unyevu tunadai vipimo vya shehena tatu zinazofuata, na kila shehena tunaipima upya getini kabla haijashushwa.