Phantom chini ya mwembe

Juzi umeme ulikatika, mwanangu akajaza chemli mafuta ya taa na mengine akayamwaga kwenye zulia. Mama yake alianza kugomba. Mimi ile harufu ilikuwa imeshanifikisha Tabora. Mafuta ya ndege za jeti ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa, jambo nililolisikia kwanza kwa mwalimu wetu wa fizikia, mtu wa kaunda suti.

Tulikuwa kidato cha tano, PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Mwalimu alikuwa na jarida kuukuu lisilo na jalada, na humo mlikuwa na kisa cha Waingereza kununua ndege za kivita za Phantom kutoka Marekani, miaka ya 60. Kwao Marekani zilifungwa injini mbili za J79 za General Electric. Waingereza wakasema hapana, sisi tuwekeeni Spey za Rolls-Royce. Akatugawa makundi mawili: chagueni injini, mje mtetee.

Kundi letu halikuumiza kichwa. Spey ikimwagiwa mafuta ya ziada kule nyuma inasukuma tani 9 na ushei, J79 inagotea kwenye 8 hivi. Halafu katika Spey sehemu ya hewa inapita pembeni bila kwenda motoni, kwa hiyo hata ulaji wake wa mafuta ni nafuu. Nguvu nyingi, ulaji kidogo, mjadala wa nini tena?

Mwalimu hakubisha. Alitutoa nje mpaka kwenye mwembe nyuma ya bwalo, akaokota kijiti, akachora mwili wa ndege mchangani.

“Injini moja ni mita 5 na kidogo. Watatu walale.”

Wakalala watatu, kichwa cha huyu kwenye nyayo za yule, na wengine watatu sambamba nao. Alichagua wembamba, ambao PCM ya bweni haikuwahi kupungukiwa nao. Wakaenea vizuri ndani ya mstari.

“Mwalimu, siafu!”

“Injini haiongei.”

Kisha akaita Spey. Hapo aliwateua kina Kibonge, wale tuliowashuku kuwa na jamaa jikoni, na kujaza idadi akamwongeza Fundi, mkimya wa kundi letu. Wakajipanga. Bega la Kibonge likavuka mstari. Mwalimu akachuchumaa, akalizunguka lile bega polepole kwa kijiti, akashuka na mbavu hadi mkiani akichora mstari mpya nje ya ule wa zamani. Akaenda mbele akapanua na midomo ya kuvutia hewa, maana mlaji mkubwa hapewi kijiko kidogo. Akasimama, akajipangusa magoti.

“Hii bado ni ndege ileile?”

Akatusomea matokeo. Phantom ya Spey iliruka kwa mbio fupi zaidi na ilichangamka ikiwa chini, lakini kule juu kabisa ikashindwa spidi na dada yake wa Marekani. Bei nayo ikapaa. Kundi la pili likashangilia kama limefunga goli.

Ndipo Fundi, akiwa bado injini, akauliza kutoka mchangani: “Ilikuwa inarukia wapi?”

Mwalimu akacheka. Za jeshi la majini zilirukia Ark Royal, meli ya kubeba ndege, ndogo kuliko zile kubwa za Wamarekani. Pale kila mita ya kukimbilia ni dhahabu. Akaongeza, kama anayesema siri, kwamba na viwanda vya kwao navyo vilihitaji kazi. Makelele yakaanza upya, kengele ya chakula ikalia, na injini zote zikakimbilia bwaloni, Kibonge akiongoza. Jibu hatukupewa.

Baadaye nimesoma yaliyofuata na hayajanisaidia kuamua. Mwishoni mwa 1978 Phantom ziliiaga Ark Royal, zikabaki kurukia viwanja vya nchi kavu, na ule unene wao wote. Kisha, baada ya vita vya visiwa vya Falklands vya 1982, Uingereza ilipeleka Phantom kulinda visiwa vile, nyumbani kukawa na pengo. Mwaka 1984 wakapokea 15 zilizotumika na jeshi la majini la Marekani. Hizo wakaziacha na J79 zake.

Nikampigia Fundi, siku hizi yuko Kigoma, anafungua injini za maboti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: waliwezaje kutunza spea za injini mbili tofauti? Kabla sijajibu akasema kuna mteja anamngoja mwaloni, kaja na injini ya farasi 40 anataka ifungwe kwenye mtumbwi uliozoea ya 15.

“Sasa utamfungia?”

“Ana hela,” akasema, akakata simu.