Siku Moja Kinyozini Kondele: Wembe, Sahani na Homa ya Ini

Saa 12:45 asubuhi

Nafungua duka mapema kuliko majirani zangu hapa Kondele, mtaa wa Kisumu, ili vyombo viwe tayari kabla mteja wa kwanza hajaketi. Nafungua meno ya mashine, nayasugua kwa maji ya sabuni na mswaki mkuukuu mpaka nywele na mafuta yote yatoke, kisha nayaloweka kwenye jiki. Kipimo changu ni kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji, dakika 10. Nikiyatoa nayasuuza upesi, nayakausha na kuyapaka mafuta, maana jiki hula chuma. Vinyozi wengi hupuliza spiriti mara moja na kuita anayefuata. Spiriti inafaa, sikatai, ila ukiipuliza juu ya damu iliyogandamana na nywele hujafanya kitu.

Ninayemwogopa ni kirusi cha homa ya ini aina ya B, yaani hepatitisi B. Huyu hukaa nje ya mwili wa mtu angalau siku 7 akiwa bado na uwezo wa kuambukiza, ndani ya tone la damu ambalo hata kwa miwani hulioni. Mteja wa Jumatatu anaweza kumwachia mwenzake wa Ijumaa zawadi asiyoiomba.

Saa 2:00 asubuhi

Watu wa boda. Wanataka kipara cha haraka warudi stejini. Kila mmoja namfungulia wembe mpya akiona kwa macho yake, na nikimaliza nauvunja na kuutia kwenye mtungi wa plastiki wenye kifuniko. Kuna anayelalamika kwamba nimepandisha bei ya kunyoa kwa sababu ya "madoido". Namwambia aje na wembe wake nimpunguzie. Hajawahi kuja nao.

Saa 4:10 asubuhi

Hapa ndipo duka hugeuka bunge. Mzee mmoja ametoka matangani Ahero, amemzika jamaa yake aliyevimba tumbo, macho yakawa manjano, akaisha mwili. Anasema ni chang'aa. Kijana anayengoja zamu anasema hapana, yule bwana hakuwa mnywaji, hiyo ni chira, kuna mwiko alivunja. Wa tatu anasema alirogwa kwa sababu ya shamba.

Nimezima mashine ili nisikilizwe. Nikawaambia pombe inaharibu ini, kweli, lakini kuna watu wasioonja hata bia na ini linanyauka vilevile, kwa kuwa kirusi kimekaa humo miaka ishirini au thelathini bila kelele. Mtu anakula vizuri, analima, anacheza mpira. Dalili zinapotokea, mara nyingi ini limeshajaa makovu au lina saratani. Kwa hiyo kusema "mimi sina, mbona niko sawa" hakuna maana yoyote kama hujapimwa.

Kijana akauliza kuhusu mbu. Swali la haki kwa mtu wa Kisumu, ambako mbu hulaumiwa kwa kila homa. Mbu hahusiki. Kirusi hiki hupita kwenye damu, kwenye ngono bila kinga, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Sindano inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, sindano ya tatuu, kisu cha kutahiri watoto kadhaa, kifaa cha kutogea masikio, mswaki wa ndugu yako na wembe wa kinyozi vyote vimo kwenye orodha.

"Na sahani?" mzee akauliza.

Sahani haimo. Wala kikombe, wala kusalimiana, wala kukumbatiana, wala kukohoa. Mzee akatikisa kichwa, akaniambia, "Omera, wewe endelea kunyoa." Lakini nilimwona akiangalia mtungi wangu wa nyembe.

Saa 6:20 mchana

Nimefunga mlango kwenda kituo cha afya kupata sindano yangu ya tatu. Chanjo ya mtu mzima huwa ni tatu: ya kwanza siku unayoanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Kabla ya kuanza nilipimwa, kwa sababu chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa. Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole.

Ukutani pana bango la Siku ya Homa ya Ini Duniani, 28 Julai. Ndiyo siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, yule Mmarekani aliyegundua kirusi hiki miaka ya 1960 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Nilipata muda wa kulisoma lote, foleni ilikuwa ya kutosha.

Sista aliyenidunga ananifahamu sasa. Nilimuuliza kwa nini yeye anaogopa sindano iliyotumika kuliko mgonjwa anayemtapikia. Akaniambia hivi: mtu asiye na chanjo akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kwa 1,000. Ikiwa damu ile ni ya mwenye hepatitisi B, ni kati ya 6 na 30 kwa 100. Nilimwomba arudie. Akarudia, polepole, kama anayemsomea mtoto hesabu.

Akaniuliza pia umri wangu. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya ugonjwa huu mwishoni mwa 2001, ndani ya ile sindano ya magonjwa matano. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi wetu hatuna kinga yoyote, na ndio tunaoshika nyembe, visu na mashine za mji huu.

Saa 7:40 mchana

Chapo madondo kwa mama wa kibanda. Mkono unauma kidogo. Stima imepotea kwa nusu saa, imerudi.

Saa 10:00 alasiri

Mama mmoja amekuja na mtoto mchanga kunyolewa nywele za kuzaliwa. Kazi hii sipendi kuiharakisha. Ngozi ya kichwa cha mtoto ni laini na utosi unadunda chini ya kidole chako. Amekuja na wembe wake kwenye karatasi, haujafunguliwa. Nilimpongeza mbele ya wateja wote, makusudi.

Nikiwa nanyoa akanionyesha kijitabu cha kliniki. Mtoto ana wiki 7, amepata sindano ya wiki 6, bado za wiki 10 na 14. Dada mkubwa wa mama huyo, akasema, ana mimba, amepimwa na kukutwa na hepatitisi B, na mama mkwe amemkataza kunyonyesha atakapojifungua.

Nilimwambia amtume dada yake arudi kliniki leo au kesho, amuulize daktari, asimsikilize mama mkwe katika hili. Kunyonyesha hakukatazwi. Kazi kubwa iko kwenye kuzaa: mtoto apewe chanjo ndani ya saa 24 tangu azaliwe, na mama mwenyewe huenda akaanzishiwa dawa kabla ya kujifungua ili kupunguza virusi mwilini. Lazima apange na kliniki mapema, asingoje uchungu uanze. Nikamweleza sababu ya haraka hiyo. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida hukifukuza kirusi wenyewe; wanaobaki nacho hawafiki 5 kwa 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 90 kwa 100 hubaki nacho maisha yao yote. Mama akatulia, akaniuliza kinyozi nimeyajulia wapi mambo haya.

Nimeyajua kwa Mwalimu.

Saa 1:15 usiku

Mwalimu huja wakati huu, wateja wakiwa wamepungua, na ameniruhusu niandike. Alienda kuchangia damu, na damu yote ya kuchangwa hapa nchini hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Akaitwa, akaambiwa ana homa ya ini B. Siku hizi anameza tenofovir kila siku. Haimponyi kabisa, inakizuia kirusi kisizaliane na kulilinda ini lake. Shida ni kwamba dawa hiyo hutumika pia kwa ukimwi, na jirani aliyeuona mkebe alitangaza mtaa mzima.

Kilichomuumiza zaidi ni ukweni. Walimtengea sahani na kikombe chake, vimewekwa alama ya rangi ya kucha. Mke ameshachanjwa, watoto wana kinga tangu utotoni, lakini sahani bado iko pembeni. Ajabu ni kwamba shemeji zake hao hao hunyolewa kwa wembe mmoja uani kwao kila Krismasi.

Pombe ameiacha. Mahindi yenye ukungu pia anayatupa, hata kuku hawapati, kwa sababu sumukuvu na kirusi hiki vikikutana kwenye ini moja hatari ya saratani hupanda mno. Kuhusu sumukuvu hahitaji kushawishiwa. Anakumbuka mwaka 2004 ilipoua watu 125 kule Ukambani.

Mashine yake anaiacha kwangu kwenye mfuko wenye jina lake. Namnyoa kama mteja mwingine yeyote, najihadhari na damu kama ninavyojihadhari na ya kila mtu, kwa sababu ninayemjua hali yake ni mmoja, wengine wote sijui.

Leo amekuja na mdogo wake, tumbo moja, baba mmoja, aliyezaliwa 1996. Mwalimu amekuwa akimsihi apime tangu mwaka jana, kwani watoto wa mama mmoja huweza kuwa walipata pamoja. Kijana amekataa, amecheka, amebadilisha mazungumzo kuwa ya Gor Mahia. Mwishowe akasema atapima Jumamosi, mradi nimnyoe bure hiyo siku.

Nimekubali. Ndevu atalipia.