Barafu ilivyoitega Storegga

Storegga ni mteremko wa chini ya bahari mbele ya pwani ya Norway, uliowahi kuporomoka. Kuelewa kwa nini, fungua ramani ya kina cha bahari inayoizunguka Norway, uanzie Skagerrak, bahari iliyo kati ya Norway na Denmark. Kuna bonde linaloizunguka nchi upande wa kusini na magharibi. Kule Skagerrak kina chake kinafika karibu mita 700. Lifuate kuelekea bahari kuu: mbele ya Jæren, pwani ya kusini-magharibi mwa Norway, sakafu inapanda hadi mita 270 hivi, halafu inashuka tena. Mto wa maji hauchimbi hivyo, kwa sababu maji hayapandi mlima. Barafu hupanda, maana husukumwa na uzito wa barafu iliyo nyuma yake.

Lakini si barafu huelea? Huelea ikiwa nyembamba. Uzito wake ni kama asilimia 88 ya maji ya bahari, kwa hiyo penye maji ya mita 500 ikizidi unene wa mita 570 hivi inakaa chini na kukwangua. Ikitembea kwa kasi juu ya tope laini huacha matuta marefu, yamenyooka, sambamba kama matuta ya viazi. Ikipungua unene hukatika, na vipande vinavyoelea huburuza vitako vyao popote upepo na mkondo unapovipeleka, vikiacha mifereji inayokatana ovyo. Ukiona mifereji hiyo juu ya matuta, jua barafu kuu ilikuwa imeshaondoka. Wanaoanza kusoma ramani hizi huchanganya alama hizo mbili kila mara.

Kifusi chote ambacho barafu ilikikwangua njiani kilimwagwa mwisho wa safari, pale sakafu inapoanza kushukia kilindini. Hapo ndipo mtego ulipotegwa.

Katika vipindi vya joto, mikondo ya bahari ilitandaza pale udongo mfinyanzi laini, polepole, uliojaa maji. Enzi ya barafu iliporudi, mzigo wa mawe, changarawe na tope uliushukia udongo huo kwa haraka. Neno la kushika ni haraka. Ukiuongeza mzigo taratibu, maji hupata muda wa kujipenyeza nje na udongo hukaza. Ukiumwaga kwa pupa, maji hunaswa ndani na kuanza kuubeba mzigo yenyewe, chembe za udongo zisigandamane. Maji hayo yenye shinikizo hujipenyeza pia kando, hadi sehemu ambazo hazikubebeshwa mzigo mkubwa. Ndiyo maana mteremko wa takriban nyuzi moja tu, ambao ukiutembelea hungeona kama unashuka, unaweza kuporomoka.

Kilichobaki ni mtikisiko. Barafu ilipoyeyuka nchi ilipunguziwa uzito ikaanza kuinuka, na kuinuka huko huleta matetemeko. Miaka 8,150 hivi iliyopita Storegga, jina lenye maana ya ukingo mkubwa, iliachia. Inaelekea ilianzia chini: kipande kimoja kilipoteleza, cha nyuma yake kikakosa egemeo, kikafuata, na kovu likazidi kurudi nyuma kuelekea pwani. Ziliporomoka kama kilomita za ujazo 3,000, na ukuta uliobaki juu umenyooshwa kwa karibu kilomita 300 toka upande hadi upande. Tsunami iliyotokea ilipanda zaidi ya mita 20 visiwani Shetland, kaskazini mwa Scotland. Huko na Scotland, ukichimba mboji ya zamani unakuta tabaka la mchanga wa bahari limebanwa katikati.

Mwaka 1997 gesi ya eneo linaloitwa Ormen Lange iligunduliwa ndani ya kovu lenyewe, chini ya maji ya mita 800 hadi 1,100. Kabla ya kuchimba ilibidi kujua kama patateleza tena. Jibu lilitoka kwenye mtego uleule: udongo uliolemewa umeshakwenda, na cha kuleta mzigo kama ule tena ni enzi nyingine ya barafu. Gesi ilianza kutoka 2007. Tabu iliyobaki ni mabonge ya maporomoko yenyewe, vilima vya makumi ya mita ambavyo bomba haliwezi kulala juu yake bila kuning'inia, hivyo meli humwaga mawe chini ya bomba kuziba mapengo.