Makadirio Matatu ya Ukarabati wa Nyumba Moja

Tulipoamua kukarabati jiko na bafu, niliwaita mafundi watatu, nikawaeleza kwa mdomo tunachokitaka, na makadirio waliyoniletea yakatofautiana kiasi kwamba la juu lilikaribia kuwa mara mbili ya la chini. Nilidhani kuna anayetaka kunipunja. Nilipowauliza kwa utulivu ndipo nilipobaini kwamba kila mmoja alikuwa amepigia hesabu kazi tofauti: mmoja alijumlisha vifaa na ufundi, mwingine aliweka ufundi peke yake, na yule wa bei ya chini hakuhesabu kung'oa vigae vya zamani wala kuondoa kifusi.

Nilianza upya. Nilipima kuta na sakafu, nikaandika eneo la kila kazi kwa mita za mraba, aina na ukubwa wa vigae, rangi itapakwa mara ngapi, soketi zitakazohamishwa, na nani atanunua nini. Kisha nikawapa wote karatasi ile ile na kuwaomba waje kukagua nyumba kabla ya kuandika bei, kwa sababu bomba lililoliwa na kutu ndani ya ukuta halionekani kwenye picha ya simu. Safari hii bei zilikaribiana, nami nikamchagua aliyechanganua gharama ya kila kazi na kuandika bei yake itadumu kwa muda gani. Nilitenga pia asilimia 10 ya ziada kwa dharura, nayo ilihitajika yote tulipofumua sakafu ya bafu.