Siku Moja Maishani Mwangu: Nyuzi Zinazokufa Kimya Kwenye Seva

Saa mbili asubuhi. Nilikuta ujumbe wa mwenzangu aliyekuwa zamu ya usiku: "Huduma ya ripoti imeganda tena. Kwenye logi hakuna kosa lolote. Nimeiwasha upya, imerudi." Nashukuru kwamba imerudi, ila kuwasha upya kunafuta ushahidi, na mimi ushahidi ndio ninaouhitaji.

Huduma yenyewe inapokea mafaili makubwa ya majedwali, inayasoma, inapiga hesabu na kurudisha ripoti. Ni kazi nzito kwa kichakataji. Node.js, programu tunayoitumia kuendesha JavaScript kwenye seva, tangu Ryan Dahl alipoizindua mwaka 2009, huendesha msimbo huo kwenye uzi mmoja mkuu, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji (thread). Mpango huo unafaa sana kwa seva inayoshinda ikisubiri mtandao na hifadhidata, lakini hesabu ya sekunde tatu ikiingia kwenye uzi huo, wateja wote wanasubiri sekunde tatu. Ndiyo sababu ikaja moduli ya `worker_threads`, inayofungua nyuzi nyingine ndogo pembeni ya ule mkuu: kwa majaribio katika toleo la 10.5.0 mwaka 2018, kisha ikawa imara katika toleo la 12 mwaka 2019. Maktaba (msimbo uliotengenezwa tayari na wengine) tunayotumia imejengwa juu ya moduli hiyo. Inaandaa kundi la nyuzi, unaikabidhi kazi, inakupa `Promise`, yaani ahadi ya jibu, na jibu likipatikana linakufikia hapo.

Saa tatu. Kwanza nilitaka kujua nini hakijaharibika. Grafu za usiku zilionyesha kichakataji kimetulia kabisa na kumbukumbu iko kawaida. Njia ya kukagua uhai wa huduma iliendelea kujibu muda wote. Basi uzi mkuu haukuwa umezibwa. Ungezibwa, hata jibu hilo dogo lisingetoka. Tulikuwa na seva inayosubiri kitu kisichokuja.

Mwenzangu mmoja alipendekeza tuongeze `UV_THREADPOOL_SIZE`, mpangilio wa idadi ya nyuzi za ndani za Node. Pendekezo hilo nalisikia mara nyingi, na inafaa lielezwe vizuri, maana watu wanapoteza siku nzima hapo. Node ina kundi jingine la nyuzi ndani ya libuv (maktaba yake ya kazi za mfumo), nne kama hujabadilisha, zinazohudumia kazi kama kusoma mafaili, `dns.lookup` (kutafuta anwani za mtandao), kubana data kwa zlib na baadhi ya kazi za usimbaji fiche. Nyuzi hizo haziendeshi JavaScript yako. Ukiziongeza, hesabu za ripoti hazitaona tofauti yoyote. Tukaliacha.

Nilikagua pia ukubwa wa kundi letu. Maktaba nyingi za aina hii huuliza `os.cpus().length` na kufungua nyuzi kwa idadi hiyo. Ndani ya kontena (kisanduku kinachotenga programu ndani ya mashine) swali hilo linadanganya: linarudisha viini vya mashine nzima, hata kama kontena limepewa sehemu ndogo tu. Kila uzi unakuja na V8 yake (injini ya JavaScript) na kumbukumbu yake, kwa hiyo kontena dogo linaweza kujaa kabla halijafanya kazi yoyote. Kwetu idadi ilikuwa imeandikwa kwa mkono: nyuzi nne. Sawa.

Saa tano. Nilichukua mafaili yaliyopokelewa usiku na kuyapitisha kwenye mashine yangu, kundi likiwa na uzi mmoja tu. Hii ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote katika kazi hii. Nyuzi zikiwa nne, moja ikipotea tatu zinaficha msiba. Ikiwa ni moja, unajua papo hapo ni kazi ipi imeondoka nayo.

Haikuchukua muda. Faili moja lililokatika katikati liliingia, na baada yake hakuna lililojibiwa tena, hata mazima.

Niliweka `console.log` ndani ya uzi. Hakikutoka kitu cha maana, na nilikitarajia hicho: maandishi ya uzi mdogo hupitia uzi mkuu kwa ujumbe, hayaendi moja kwa moja kwenye skrini, na uzi ukikatika ghafla yale ya mwisho yanaweza kupotea njiani. Nikabadilisha, nikatumia `fs.writeSync(2, ...)`, ambayo inaandika pale pale. Sasa mstari wa mwisho ulionekana: uzi ulikuwa umeanza kusoma kichwa cha faili. Baada ya hapo, kimya.

Saa saba. Chakula, na kikao kifupi cha kupanga wiki.

Saa nane. Nilifungua msimbo wa maktaba pale inapoanzisha uzi. Ilikuwa inasikiliza matukio mawili, `message` na `error`. Nikaongeza la tatu, `exit`, lichapishe namba ya kutokea, yaani namba ambayo uzi unaiacha unapofunga. Nikapitisha faili bovu. Ikachapishwa: 1.

Uzi unaotoka na 1 bila kutoa `error` unanipa dalili moja kubwa. Nikatafuta `process.exit`, amri ya kufunga programu, katika pakiti zote tunazozitegemea, nikaikuta kwenye pakiti ya kusomea majedwali, ambayo ilianza maisha yake kama programu ya mstari wa amri. Ikikutana na faili bovu, inaandika lalamiko na kuita `process.exit(1)`. Kwenye uzi mkuu, huduma nzima ingeanguka na kila mtu angejua. Ndani ya uzi mdogo, `process.exit()` inasimamisha uzi huo tu, mchakato unaendelea. Hilo limeandikwa wazi katika nyaraka za Node, si hitilafu.

Maktaba ina jedwali la kazi zilizo mikononi: namba ya kazi, `resolve` yake (ya kutimiza ahadi), `reject` yake (ya kuikataa), na uzi unaoishughulikia. Uzi ulipokufa, hakuna aliyefuta mstari wake. Mteja anasubiri `Promise` isiyotimizwa wala kukataliwa, na maktaba inaamini uzi bado uko kazini. Ni kama kaunta ambayo karani wake ameondoka huku kibao kikiendelea kusema "subiri". Mafaili manne mabovu kwa usiku mmoja yanatosha kufunga kaunta zote.

Saa tisa. Marekebisho yenyewe ni mafupi, ila kila mstari una sababu. `exit` ikifika na uzi una kazi mkononi, kazi hiyo inakataliwa kwa kosa lenye namba ya kutokea. Uzi unaondolewa kwenye orodha, mwingine unaanzishwa. Kwa kuwa `error` nayo hufuatiwa na `exit`, lazima kukataa kufanyike mara moja tu. Uzi tuliousimamisha wenyewe kwa `terminate()` usihesabiwe kuwa ajali. Na kuanzisha uzi mpya kuwe na kikomo: kama faili la uzi lenyewe lina kasoro, kila mpya atakufa akizaliwa, na seva itamaliza nguvu zake kuwazika.

Nikaongeza muda wa mwisho kwa kila kazi. Hapa nasisitiza: kukataa `Promise` muda ukipita hakuusimamishi uzi. Unaendelea kupiga hesabu ambayo hakuna anayeitaka. Ni lazima uite `terminate()`.

Saa kumi. Jaribio: faili la uzi lenye mstari mmoja, `process.exit(1)`. Kwa maktaba ya zamani, katika hati fupi inayotumia `await` ya ngazi ya juu (kusubiri `Promise` nje ya kitendaji chochote), Node ilifunga na namba 13, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuiweka hai huku `Promise` ikining'inia. Kwenye seva, HTTP inaishikilia Node isifunge, kwa hiyo kosa lile lile linageuka kungoja kusikokwisha. Nadhani ndiyo maana limekaa muda mrefu bila kugunduliwa: anayejaribu maktaba kwa hati fupi anaona programu imeisha tu. Kwa toleo jipya, jaribio likakataliwa na kosa linalosomeka.

Saa kumi na moja jioni. Toleo limewekwa kwenye sehemu ndogo ya seva. Faili bovu nililolipitisha limerudisha jibu la 422 (data haikubaliki) na maelezo, na faili zima lililofuata likapata ripoti yake. Nimewatumia watunzaji wa maktaba marekebisho pamoja na lile jaribio la mstari mmoja. Kilichobaki ni pakiti ya kusomea majedwali. Kesho nitaandika ukaguzi wa kichwa cha faili kabla halijafika kwenye uzi, na kama waandishi wake hawatakubali kubadilisha `process.exit` iwe `throw` (kurusha kosa linaloweza kukamatwa), tutatafuta nyingine.