Kutwa nzima na bibi kwenye ngome ya Nakhal

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshaswali, nakunywa chai ya maziwa huku nimesimama. Kazi yangu ni kuendesha wageni hapa Muscat, wengi Wazungu. Leo nimepata wa nyumbani: bibi wa Unguja aliyekuja kuwaona wanawe, pamoja na mjukuu wake wa miaka kumi.

Saa moja na nusu niko mlangoni kwao, Seeb.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kiyoyozi kinafanya kazi?"

Kinafanya. Barka tunaiacha njia ya pwani, tunakata kushoto kuelekea milimani.

Saa tatu ngome inajitokeza, rangi ya udongo, imekaa juu ya jabali. Nyuma yake mlima mkavu, chini mitende. Mtoto anauliza swali ninaloliogopa: "Ina miaka mingapi?"

Wageni wanataka namba moja, na Nakhal haina namba moja. Inasemekana msingi wake ulikuwepo kabla ya Uislamu. Kabila la Bani Kharus wakaijenga upya. Wayaarubi, ukoo wa maimamu waliotawala Oman, nao wakaishughulikia, hao hao waliowatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698. Mwaka 1834 likajengwa lango, ukuta na minara, enzi ya Seyyid Said bin Sultan. Serikali ikaikarabati yote mwaka 1990.

Bibi akasimama. "Said huyu huyu wa jumba la Mtoni, kwetu Unguja?"

"Huyu huyu, bibi."

Akalipapasa lango kwa kiganja, kimya, kama anapima kitambaa dukani.

Saa nne ni ngazi. Goti la bibi halitaki haraka, na mimi sina haraka. Hapa hakuna ukuta ulionyooka. Mafundi walilifuata jabali lilivyojipinda, na mahali pengine mwamba wenyewe umetokeza ndani. Nikamwambia mtoto, hili ndilo kongwe kuliko yote. Akalipiga kofi. Juu, kwenye baraza lenye upepo, nikasema hapa ndipo alipokaa wali.

"Wali wa nazi?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Liwali, nikamwambia, kwetu tunasema liwali.

Tulikaa hapo muda mrefu. Nikawasimulia ngome za Oman zilivyoweka tende: magunia yanapangwa juu ya mifereji, uzito unakamua asali, na asali hiyo ikichemshwa humwagiwa adui langoni. Mtoto akataka kuliona tundu la kumwagia. Bibi alikuwa anatazama dari. Zamani majahazi yalileta huku boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji, na macho yake yalizitafuta. Kisha akauliza plasta. Nikamweleza saruj, udongo unaochomwa na kusagwa ndipo upakwe.

"Kwetu chokaa. Ukiuacha ukuta masika mawili, unamwagika. Hapa nani analipa?"

"Serikali, bibi."

"Ndiyo maana imesimama. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina warithi kumi na mmoja. Kila mmoja ana ufunguo, hakuna mwenye ndoo ya chokaa."

Sikuwa na jibu.

Saa saba tuko Ain al-Thawarah, chemchemi ya maji moto. Samaki wadogo wanadonoa miguu, mtoto anapiga kelele, bibi anafungua bakuli la wali na nguru alilopewa na binti yake. Wali wa nazi, kweli.

Saa kumi nimewarudisha. Magharibi nafuta vumbi garini. Kesho nina Wajerumani, ngome ile ile, na namba moja wataitaka.

Saa tatu usiku simu inalia, ujumbe wa sauti: "Mwanangu, ile picha ya lango nitumie. Na ile ya dari pia. Nataka kuwapelekea ndugu zangu wote kumi."